Siku Nne za Kigoma na Mtihani Uliobadilishwa

Niliondoka kambini kwa sababu mtihani niliojiandaa nao kwa miaka miwili ulikuwa umebadilishwa. Ulikuwa mtihani unaofanywa kwenye kompyuta, wa kuombea nafasi katika vyuo vya biashara vya nje, na wafadhili waliahidi kumsomesha mkimbizi atakayefikia kiwango. Mimi, mwalimu wa lugha niliyetoka Burundi nikiwa mgongoni mwa mama, nilisoma kwa kitabu cha zamani. Sasa ujumbe ulisema insha imeondolewa, jiometri imeondolewa, na imeongezwa sehemu ya kusoma majedwali na grafu. Insha ndiyo niliyoitegemea. Nikaomba kibali cha kutoka kambini kwa siku nne.

Saa mbili asubuhi, nje kidogo ya Kasulu, basi lilisimamishwa kwenye kizuizi cha polisi. Askari alisoma kibali changu.

"Unakwenda Kigoma kutibiwa?"

"Kufanya mtihani, afande."

Akanitazama, akanirudishia karatasi. "Haya, mama. Mungu akusaidie."

Mchana nilifika Katubuka, mjini Kigoma, kwenye kituo cha mtihani. Msimamizi alithibitisha yote. "Na muda umepunguzwa," alisema. "Ila sasa ukimaliza sehemu unaweza kurudi nyuma, ukabadilisha majibu matatu. Zamani ulikuwa huruhusiwi."

Jioni nikapokelewa Kasingirima na Mwajuma, muuguzi aliyewahi kufanya kazi katika zahanati ya kambi yetu. Nilimsalimu kwa Kirundi, akaitikia kwa Kiha, maana lugha hizo zinakaribiana; ndivyo tulivyozoea.

"Mbona umenyong'onyea hivyo?"

Nikamweleza. Akacheka. "Grafu? Si ndiyo kazi yangu ya kila siku!"

Kesho yake tulikaa ufukweni Ujiji, karibu na wanawake waliokuwa wakianika dagaa. Mwajuma alikuwa amebeba kadi za kliniki za wanawe, zenye mistari ya uzito.

"Mstari huu umelala," alisema. "Mtoto yukoje?"

"Hakui."

"Umekimbilia jibu, dada. Tazama hapa chini. Miezi mitatu sikumpeleka kupimwa. Mstari umeunganisha alama mbili tu. Katikati hujui kitu."

Tukaendelea hivyo mpaka jua likapungua ukali.

Siku ya tatu niliingia kwenye mtihani. Ikaja grafu ya bei ya kahawa. Nikajibu haraka kwamba bei haikubadilika. Zilipobaki dakika chache, nikashtuka. Nikarudi nyuma: miaka miwili haikuwa na takwimu zozote. Nikabadilisha jibu, nikachagua kwamba taarifa hazitoshi. Alama zilipotokea, nilikuwa nimevuka kiwango, kwa kidogo sana. Nikaomba maji ya kunywa.

Siku ya nne Mwajuma alinisindikiza stendi. "Ukifika huko chuoni usituandikie insha," alisema. "Tuandikie barua." Niliingia kambini kibali kikiwa kimebakiza saa moja tu.

Miaka yote niliwafundisha watoto kujibu upesi, kwa maneno mazuri, na mwenyewe niliishi hivyo. Jumatatu nilipoingia darasani niliwasomea kisa kifupi, kisha nikawauliza swali ambalo sikuwahi kuwauliza: "Hapa, ni kitu gani ambacho hatujaambiwa?"