Kilo Mia Moja Nyuma ya Gaju

Ukimwona Gaju akipita na baisikeli yake kwenye barabara ya vumbi inayotoka Endiinzi, mitungi miwili ya maziwa ikining'inia huku na huku nyuma yake, utadhani alizaliwa juu ya kile kiti. Hakuzaliwa hapo. Alizaliwa kwenye milima ya Kivu ya Kusini, katika ukoo wa wafugaji, akafika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mwaka 2004 akiwa na miaka kumi na saba, bila ng'ombe hata mmoja wa kumwita kwa jina. Baisikeli aliijua baadaye. Na kubeba maziwa juu ya baisikeli alijifunza kwa wiki moja tu, mwezi wa sita mwaka 2009.

Kaka yake mkubwa, Bienfait, alikuwa mchunda. Hivyo ndivyo watu wa huko wanavyomwita mtu anayezunguka asubuhi mapema kwenye maboma ya wafugaji, akakusanya maziwa, akayakimbiza mpaka kwenye tangi la baridi kabla lori halijaondoka kwenda Mbarara. Tangi lenyewe liko chini ya mteremko mrefu wenye kona moja yenye roho mbaya. Jumatatu hiyo kona ikamtupa Bienfait mtaroni. Mtulinga ukavunjika, na lita mia moja zikanywewa na mchanga.

Mama yao, Mukashema, alikwenda kwa miguu kumwomba radhi Rwakabuba, msimamizi wa tangi. Rwakabuba ni Mnyankole wa maneno machache, na Kiswahili chake alikiokota jeshini.

"Mimi nangoja wiki moja tu," alimwambia. "Jumatatu nataka maziwa hapa, yote, hapana nusu. Ikimwagika tena, ile njia ya Endiinzi napatia Musoni."

Musoni alikuwa mchunda mwenzake Bienfait, na siku zote alikuwa ameikodolea macho njia ile. Sasa elewa jambo hili: kwa Mukashema, maboma yale ya Endiinzi hayakuwa kazi tu. Ndiko mwanawe alikokuwa bado anasimama katikati ya ng'ombe kila asubuhi, na kurudi nyumbani na harufu yao kwenye shati. Njia ikienda kwa Musoni, ng'ombe nao wangekuwa wameondoka mara ya pili.

"Miye nitapeleka," akasema Gaju.

Bienfait alicheka mpaka mtulinga ukamkumbusha kwamba umevunjika. Hakuna mwanamke aliyekuwa mchunda, si Nakivale wala Endiinzi. Lakini Gaju alikwisha kuitoa baisikeli nje.

Jumanne alifunga mitungi mitupu kwenye kerieri, akaanza mazoezi kwenye kilima kidogo kando ya kanisa lao. Mitupu, ndiyo. Mtu mwingine yeyote angeijaza maji akajaribu uzito. Ila kwa watu wa Mukashema, maji hayaingii kwenye chombo cha maziwa mbele ya watu. Jirani akikuona tu, jina lako limekwisha: utaitwa mchanganyaji, na hakuna anayenywa maziwa ya mchanganyaji. Kwa hiyo Gaju alijizoesha na hewa. Na mambo yalikwenda vizuri ajabu! Alishuka, akabana breki chini kwenye tambarare, penye nguzo ya kanisa, baisikeli ikasimama ndani ya hatua nne. Alirudia mara ishirini. Jioni alijiona bingwa.

"Unajifunza uongo," Bienfait akamwambia kutoka kwenye mkeka wake, akiielekezea baisikeli kidole. "Kinga ikijaa, haisimamake fasi wewe unataka."

"Yaya, breki ni ile ile, mukono ni ule ule. Kwa nini isisimame?" Gaju akamjibu kaka yake.

Swali hilo halikumpa usingizi mzuri. Jumatano akamwita rafiki yake Vanessa, msichana wa mwili wa kutosha na kicheko cha kutosha zaidi, akamkalisha kwenye kerieri mahali pa mitungi. Kuondoka tu kulikuwa kazi. Gaju alikanyaga pedali kwa nguvu zake zote na baisikeli ikawa kama inafikiria kwanza kama inataka kwenda. Kisha wakashuka. Gaju alitegemea wataruka kama jiwe la manati, kwa vile wamekuwa wazito, lakini wapi! Mteremko uliwapeleka karibu mwendo ule ule wa mitungi mitupu. Akabana breki penye nguzo. Baisikeli ikapita, ikaendelea, ikasimama hatua ya saba.

"Shuka!" akapiga kelele. "Shuka, tuhesabu tena!"

Wakahesabu tena. Saba. Akaweka jiwe. Vanessa akamwita mdogo wake, naye akapakiwa nyuma ya dada yake, wote watatu wakashuka wakipiga mayowe mpaka mchungaji akatoka kanisani kutazama nani amekufa. Hatua kumi. Nne, saba, kumi! Mkono ule ule, breki ile ile, na kila akiongeza mtu, baisikeli inaiba hatua tatu. Gaju alikaa chini vumbini akacheka peke yake. Mpaka hapo alikuwa anadhani breki ndiyo inayosimamisha baisikeli, basi. Kumbe breki inabishana na uzito, na uzito ukiwa mkubwa, mabishano yanakuwa marefu. Tena uzito ule ule uliokataa kusimama ndio uliokuwa umekataa kuondoka kule juu.

"Vanessa, wewe unakula hatua tatu!" akasema, na Vanessa akamrushia kiatu.

Alikimbia nyumbani kumweleza Bienfait. Jibu ni kuanza kubana breki mapema, mbali kabisa, kabla ya kona! Bienfait alimsikiliza mpaka mwisho, na safari hii hakucheka.

"Ni kweli," akasema. "Lakini Vanessa anakaa. Maziwa haikaake. Kwenye ile kona miye nilipinda, maziwa yeye akaendelea mbele. Nilisikia ananisukuma mugongo kama mutu."

Hilo huwezi kujifunza kwa Vanessa. Hilo linataka kitu chenye kutembea ndani ya mtungi, na kwa kuwa maziwa hayachezewi, kilibaki kimoja tu.

"Maji mu bidon ya maziwa?" Mukashema akasema, akiitazama mitungi. "Hapana. Ningali hai."

Gaju hakubisha. Ungebishana vipi na mama aliyeacha ng'ombe sitini mlimani na kitu pekee alichovuka nacho mpaka ni jina safi? Alhamisi na Ijumaa aliendelea kuwabeba Vanessa na mdogo wake, na kila akiikumbuka ile kona, alibana breki hata pasipohitajika. Hofu ilikuwa hofu hasa.

Jumamosi asubuhi alikuwa anafunga mitungi mitupu alipomwona mama yake anatoka bombani na jerikani la maji kichwani. Majirani walikuwa nje, wanafua, wanapepeta maharage. Musoni mwenyewe alikuwa anapita. Mukashema hakumtazama mtu. Alifungua mtungi wa kwanza, akamimina.

"Mama! Bantu banaona!" Gaju akasema, akiwatazama majirani.

"Baone. Bidon iko inasafishwa. Wewe ukivunjika, nitakusafisha na nini?"

Alirudi bombani mara kadhaa. Kila mtungi ukabaki na nafasi ya kiganja juu, kama Bienfait alivyozoea kuacha, ili maziwa yapumue. Gaju akapanda, akashuka kilima, akapinda kwenye kijia cha kanisa. Hapo ndipo alipokutana na yule mtu wa Bienfait, wa ndani ya mtungi! Alimsukuma kulia baisikeli ilipotaka kushoto, akarudi, akasukuma tena. Gaju alianguka kwa goti, na maji yakaendelea kupiga ndani ya mtungi hata baada ya baisikeli kulala chini.

Mukashema aliinama, akaweka sikio kwenye mtungi, akasikiliza yale maji yanavyokwenda na kurudi. Kisha akainuka.

"Jaza," akasema. "Jaza mpaka mu kinywa. Asipate fasi ya kukimbilia."

Wakajaza mpaka juu, wakabana vifuniko. Mtungi ukawa mzito zaidi, lakini sasa ulikuwa mzito kama gogo, kitu kimoja, hakuna kinachokimbia ndani. Gaju akabana breki hatua nyingi kabla ya kijia, akapinda polepole, akatoka upande wa pili ameketi wima. Mara tano. Mara kumi! Vanessa alikuwa anaruka kwa furaha kuliko yeye. Jioni hiyo Mukashema alisugua mitungi kwa majivu na maji ya moto mara tatu, akaifukiza moshi wa majani makavu, na Jumapili akakaa kanisani uso mbele, kama haoni watu wanaonong'onezana.

Jumatatu ikafika. Wanawake wa Endiinzi walimtazama Gaju wakashika vinywa, lakini wakammiminia, na mitungi ikajaa mpaka juu kabisa. Zaidi ya kilo mia moja! Barabara tambarare haikumsumbua. Alipofika kichwa cha mteremko aliona tangi chini, lori jeupe, na wachunda wakiwa wamesimama makundi makundi kumtazama. Akabana breki pale pale juu. Wakaangua kicheko.

"Anaogopa!" mmoja akapiga kelele.

Aliwaacha wacheke. Alishuka akibishana na uzito wake taratibu, vidole vinamwaka moto, akaikaribia kona. Na kwenye kona, jamani, ng'ombe! Kundi zima la pembe ndefu lilikuwa linavuka barabara, halina haraka na mtu. Moyo ulimruka. Akaongeza kubana, mpira wa breki ukalia, tairi likasaga mchanga, hatua kumi, hatua nane, hatua tano, na baisikeli ikasimama huku ng'ombe wa mwisho akimpungia mkia usoni. Hakuna tone lililotoka. Kule chini hakuna aliyecheka tena.

Alipofika penye tangi alimkuta mama yake. Mukashema alikuwa ameondoka nyumbani kwa miguu kabla hakujapambazuka. Gaju alitaka kumkumbatia, lakini Musoni alikuwa ameshatangulia mbele ya watu.

"Pima sana hiyo maziwa, muzee!" akasema kwa sauti. "Juzi niliona kwa macho yangu. Balitia maji mu bidon!"

Rwakabuba akamgeukia Mukashema. "Nyabo, huyu nasema kweli?"

"Ni kweli," Mukashema akajibu. "Nilitia maji, miye, na hii mikono. Mutoto alikuwa anajifunza. Sasa pima."

Rwakabuba alichota maziwa kwenye mtungi wa kwanza, akatumbukiza kipimo chake cha kioo, akainama mpaka jicho likawa sawa na maziwa. Kipimo kikaelea juu, pale kinapoelea kwenye maziwa matupu yasiyoguswa na maji. Akachota mtungi wa pili. Kikaelea pale pale. Akakifuta taratibu kwa kitambaa.

"Hii maziwa ni safi," akasema. "Hapana maji. Hata moja."

Gaju aliachia yowe ambalo ng'ombe walilisikia kule juu kwenye kona. Lakini Mukashema alikuwa hajamaliza. Aliomba kikombe, akachota kwenye mtungi ule ule aliomiminia maji Jumamosi, akanywa nusu mbele ya wachunda wote. Nusu iliyobaki akampelekea Musoni.

"Kunywa," akamwambia.

Musoni alitazama kikombe, akatazama watu, kisha akanywa mpaka kikaisha.

"Wewe musichana," Rwakabuba akamwambia Gaju, akifunga mfuniko wa tangi, "kesho saa mbili. Hapana chelewa."