Sentensi Mia Nne za Sukanti

Sukanti Kirsani alifika chuoni kwetu Hyderabad na begi moja, na barua ya kukubaliwa kusomea uzamivu akiwa ameifunga ndani ya mfuko wa nailoni isije ikalowa. Mimi nilikuwa mwaka wa pili katika maabara hiyohiyo. Tulipewa meza zinazotazamana, na kwa miaka saba nilimwona akifanya kazi kwa bidii ambayo sijaiona tena kwa mtu.

Kwao ni vilima vya Koraput, kwa Wagadaba. Lugha ya nyumbani ilikuwa Kigutob, na waliobaki wakiisema kijijini kwao wengi walikuwa wazee. Watoto walijibu kwa Kidesia cha sokoni. Sukanti alitaka kuandika programu ya kompyuta itakayopokea kitenzi cha Kigutob na kukipasua vipande: hiki kinaonyesha nani, hiki lini, hiki kinakana. Siku ya kujitambulisha, mwanafunzi mmoja wa Pune alimwuliza, "Sasa hiyo programu ataitumia nani? Bibi yako ana kompyuta?"

Watu wakacheka. Sukanti naye akacheka. "Bibi yangu hana hata swichi ya taa," akasema. "Lakini ana vitenzi ambavyo wewe huna."

Nilimpenda tangu siku hiyo.

Sauti zake nyingi alizirekodi kwa dada wa mama yake, mjane aitwaye Gurubari. Saa sitini na moja. Maabara nzima tulimzoea Mama Mkubwa bila kumtia machoni. Alikuwa akisimulia huku anakoroga uji wa ulezi, mwiko ukigonga chungu, na akichoshwa na maswali alimkatiza mtoto wa dada yake kwa maneno ambayo Sukanti alitutafsiria: "Mwanangu, hilo nilikujibu jana. Huko shuleni wanakulisha nini, mbona unasahau hivi?"

Mwaka wa nne profesa aliyempokea alistaafu. Nafasi yake ikachukuliwa na Dakta Bapat, mtu mpole ambaye hakujua kuupaka ukweli sukari. Wakati huo mashine zinazojifunza lugha zenyewe zilikuwa zimeshaingia, na kila mtu alikuwa akizikimbilia.

"Sukanti, mashine hizi zinameza maneno mabilioni," alimwambia mbele yangu. "Wewe una mangapi?"

"Laki tatu na kidogo, Mwalimu."

"Hilo ni tone. Badili mada. Shika Kihindi au Kiodia, mwakani utakuwa umemaliza."

"Kihindi kina watu wa kukishughulikia, Mwalimu."

"Kinao. Na watu hao wanapata kazi."

Hakumlazimisha. Sukanti akaendelea, na mwaka wa sita akawasilisha tasnifu yenye kurasa mia mbili na kumi. Ripoti ya mtahini wa nje ilichukua miezi minane kurudi. Ilikuwa na sifa nyingi na sharti moja. Programu ya namna ile hupimwa kwa kulinganisha majibu yake na majibu ya watu, na sentensi mia nne alizozitenga Sukanti kwa kupimia zilikuwa zimehakikiwa na mtu mmoja tu, naye ni Sukanti mwenyewe. Walitakiwa wazungumzaji wengine wawili, kila mmoja ahakiki peke yake. Muda: miezi sita.

Nilimkasirikia yule mtahini. Sukanti hakumkasirikia. "Ningekuwa yeye, ningeandika hayohayo," alisema.

Tulikwenda pamoja, kwa treni ile ipandayo milimani kutoka Visakhapatnam. Budra, kaka yake, alitupokea stesheni, akabeba mizigo yote miwili, akatangulia. Tulipokaribia nyumbani ndipo akasema, bila kugeuka, kwamba Mama Mkubwa alipigwa kiharusi mwezi uliopita.

"Mbona hamkuniambia?"

"Tulisema umalize mtihani kwanza."

Gurubari alikuwa amelazwa barazani, upande wa kulia umekufa. Alimtambua Sukanti, akamshika mkono kwa ule wa kushoto, lakini mdomoni ilitoka sauti moja tu, ileile, hata alipotaka maji. Sukanti alikaa naye siku mbili bila kufungua daftari. Siku ya tatu alimsomea sentensi ya kwanza, taratibu, akamwambia anyanyue kidole ikiwa ni sawa. Yule mama alisikiliza. Midomo ikahangaika. Kisha akageuza uso ukutani, na Sukanti akafunga daftari.

Akabaki Budra. Alikuwa amejenga majumba ya watu Kerala miaka tisa, lakini lugha alizaliwa nayo. Aliketi na zile karatasi mchana kutwa, dada yake akimsomea. Katika sentensi hizo, arobaini Sukanti alikuwa ameziharibu makusudi, kwani mhakiki wa kweli lazima azikamate. Budra alizipitisha zote.

"Hata hii?" Sukanti akamwuliza. "Inasema nini?"

"Jana nilikwenda sokoni."

"Inasema *jana nitakwenda* sokoni."

Budra akaitazama karatasi. "Sasa si nimeelewa? Mtu akiniambia hivyo, nitajua anataka kusema nini."

"Umeelewa, ndiyo. Lakini je, ndivyo tunavyosema?"

"Dada, mimi nikiongea Kigutob nani ananisahihisha? Wewe uko Hyderabad. Mama Mkubwa ndiye huyo."

Kijiji cha pili alikuwapo bikizee mmoja mwenye masikio makali. Sentensi thelathini za kwanza alizipasua kama maharage, mbaya zote akazikamata, nyingine akazitukana. Nilimwona Sukanti akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu tufike. Lakini miche ya mpunga ilikuwa tayari kuhamishwa, kila mtu akihitajika shambani, na jioni mkwe wa yule bibi alitufuata hadi njiani. "Msirudi kesho," alisema, kwa sauti ya kawaida tu. "Akichoka anaumwa. Nyinyi mtaondoka, mimi ndiye ninayebaki naye."

Tulirudi mara mbili. Mara zote mbili tulikuta mlango umefungwa.

Tukingoja basi la kurudi, nilimwambia jambo ambalo nililiona ni la busara. "Jaza wewe. Andika jina la Budra na la Mama Mkubwa. Kazi ni yako na ni sahihi. Nani atajua?"

"Hakuna," akasema. "Ndiyo shida yenyewe, Hyma. Angekuwapo hata mmoja wa kujua, ningemwomba yeye ahakiki."

Aliomba aongezewe muda, akapewa miezi mitatu. Aliandika barua kwa walimu wa shule, kwa wamisionari, kwa jamaa waliohamia kwenye mashamba ya chai ya Assam. Majibu mawili yalikuja, yote ya kumtakia heri. Miezi mitatu ikaisha na usajili wake ukafutwa. Karani wa maktaba alimdai kadi. Sukanti akaitoa, akamshukuru.

Mimi nilimaliza. Tasnifu yangu ilihusu Kitelugu, na wahakiki nilikuwa nao hadi wa kuwakataa. Sikujua nimwalike sherehe ya mahafali au nisimwalike; mwishowe sikumwalika, na mpaka leo naona haya.

Sasa yuko Bhubaneswar, kwenye kampuni inayopima majibu ya mashine. Inamletea sentensi za Kiodia, naye anabonyeza: nzuri, wastani, mbaya. Anasema siku nyingi anabonyeza nzuri, kwa sababu kweli ni nzuri. Gurubari alifariki masika ya mwaka juzi.

Nilimtembelea mwezi wa Februari. Alinipikia wali na dengu, tukala, tukasengenya walimu wa zamani. Nilipomwuliza kuhusu zile saa sitini na moja, alisema anazisikiliza Jumapili akifua.

"Saa ya thelathini na nane kuna kitenzi sikijui," alisema. "Anakitamka haraka, mara mbili, anacheka. Wakati ule niliweka alama ya kuuliza nikapita. Nilisema nitamwuliza likizo."

Akainuka kuosha vyombo.