Shingo Nene ya Gitaa la Shemeji

Mimi ni mtu wa kuhangaika mapema. Mvua haijanyesha, mimi nimeshaona maji ndani ya nyumba. Kwa hiyo shemeji alipotokea kwangu Bagira, hapa Bukavu, mchana ule, gitaa mgongoni limefungwa kwa kitenge, roho yangu ilishtuka kabla hajafungua mdomo.

Shemeji alikuwa mume wa dada yangu mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi na mpiga gitaa wa kwaya ya parokia. Miezi miwili kabla, kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi iliyowatoa hata walimu nje na majembe, jiwe la mtaro lilimwangukia mkono wa kushoto. Mfupa uliunga. Kidole gumba kikabaki kigumu, kinafunguka nusu tu.

“Shemeji, mukono hii inakataa kuzunguka shingo ya gitaa,” aliniambia akiwa bado amesimama. “Punguzako kidogo. Hata kama sauti itapotea, haina shida.”

Hata kama sauti itapotea! Hapo ndipo nilipoanza kutokwa na jasho, kwa sababu habari ya shingo na sauti nilimpa mimi.

Gitaa lile nililitengeneza mwenyewe, miaka sita nyuma, mimi fundi wa vitanda na milango. Nilikuwa nimemwahidi litakuwa tayari kabla ya Pasaka, na mbao zangu zote zilikuwa mbichi. Ukichonga shingo kwa mbao mbichi katika mvua za Bukavu, baada ya mwezi imepinda. Kipande kikavu kilikuwa kimoja tu: mguu wa kitanda niliokuwa nimekosea kuutoboa, wenye tundu la mraba katikati. Nikaziba tundu kwa kipande cha mbao, gundi na unga wa msumeno, nikafunika juu kwa ubao wa vidole, nikapigilia spoki za kinga, yaani baiskeli, ziwe vizuizi vya nyuzi. Nyuma niliiacha shingo nene sana, maana sikukumbuka tundu lile lilikwenda kina gani.

Shemeji alipouliza kwa nini ni nene hivyo, nilimjibu bila kupepesa macho: shingo nene ndiyo inayoleta sauti. Naye mwalimu ni mwalimu. Alilifanya somo. Aliwafundisha wanakwaya, akamfundisha hata paroko. Nilikuwa nikikutana na watu nisiowajua wakinieleza mimi, fundi, siri ya shingo nene.

Basi tukakaa barazani. Nililegeza nyuzi, nikalaza gitaa kifudifudi juu ya mapaja yangu, kitenge chini yake, nikaanza na tupa, kisha kipande cha chupa iliyovunjika, ambacho kinakwangua vizuri kuliko chuma. Unga mwekundu ulinidondokea miguuni. Shemeji alikaa karibu mno, akiimba kwa pua. Nilimwomba anyamaze. Nilitaka kusikia mbao. Kila baada ya mikwaruzo kumi niligonga kwa kifundo cha kidole, nikitega sikio kama kuna mahali panapolia tupu. Kila mahali palilia tupu. Nikigonga goti langu, nalo lilikuwa tupu. Hofu ikishakukaa masikioni, hakuna kinachosikika sawasawa.

Kilichoniogopesha hakikuwa mbao peke yake. Tundu lingetokea, shemeji angeona kiraka cha gundi mbele ya macho yake na kujua kwamba miaka sita amekuwa akihubiri uongo wangu.

Nikampa ajaribu. Alizungusha mkono, uso wake ukafunguka.

“Eee! Sasa inaingia. Bado hapa tu, chini ya kidole kikubwa. Ongezako kidogo.”

Aliweka kidole palepale. Katikati, juu ya tundu.

Nilichukua chupa. Nikakwangua mara moja, mara ya pili, bila nguvu, kama mtu anayefuta vumbi. Kipande kikaniteleza, nikajikata kidogo. Halafu nikasema, “Hapana, shemeji. Ubao umekataa. Nikiendelea utavunjika.”

Hakubisha. Hilo liliniuma kuliko kama angebisha. Alitikisa kichwa kwa heshima: “We ndiye unajua kusikia mbao. Kama inakataa, inakataa. Basi ni mukono yangu.” Akakaza nyuzi, akanishukuru mara mbili, akashuka kwenda kwake.

Wiki mbili nilijiambia nimeokoa gitaa. Nilisema hivyo nikila, nilisema hivyo nikipiga randa.

Jumapili ya tatu nilikwenda misa kwao. Nilisimama nyuma, macho kwenye mkono wake wa kushoto tu, sikumbuki hata padri alisoma nini. Wimbo wa kwanza alipiga. Wakati wa matoleo gitaa lilinyamaza katikati ya ubeti, kwaya ikaendelea na ngoma peke yake. Aliushusha mkono, akaukunjakunja pembeni ya suruali akidhani hakuna anayemwona. Alijaribu tena, akaacha.

Baada ya misa nilimkuta nje ya mlango, gitaa limeshafungwa kwenye kitenge, akimwambia mama kiongozi wa kwaya watafute mtu mwingine. “Mukono yangu imekwisha,” alisema, na alicheka kidogo ili yule mama asimwonee huruma.

Nilimvuta kando. Nilimweleza yote kwa haraka, kama mtu anayetapika: mguu wa kitanda, tundu, gundi, na kwamba shingo nene haileti sauti yoyote duniani. Kwamba ubao haukukataa kitu. Aliyekataa ni mimi, kwa sababu niliona aibu.

Alifungua kitenge, akaligeuza gitaa, akapitisha kidole chake kigumu nyuma ya shingo, polepole, akitafuta. Hakuona kitu, maana hapakuwa na cha kuona.

“Kwa hiyo inaweza kupunguzwa?”

“Sijui, shemeji. Labda. Labda itavunjika.”

“Kama ni ya kuvunjika, ivunjike.” Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu nianze kusema. “Lakini jana nilimuambia dada yako kama mukono yangu ilisha kufa, siwezi tena kupiga. Alilia, shemeji. Alilia mupaka nikatoka inje.”

Aliniwekea gitaa mikononi.

“Dada yako iko nyumbani saa hii, anapika. Twende. Utamuambia we mwenyewe.”