Kabuluku wa Barabara ya Bukama

Harufu ya majani yaliyoungua ndiyo harufu ya likizo yangu. Kila kiangazi, shule zikishafungwa, watu wa Kamina huchoma nyika, na mwaka nilipokuwa na miaka tisa tuliipita harufu hiyo kila Jumanne, mimi na baba, katika gari dogo la mizigo alilomwendeshea mfanyabiashara mmoja aliyenunua samaki wakavu Bukama. Mama alikuwa amefariki wakati wa mvua. Zamani yeye ndiye aliyekaa kiti cha abiria, nami nikibanwa katikati. Kuwaona wanyama njiani ilikuwa kazi ya baba, maua yalikuwa ya mama. Akiona yale maua madogo ya manjano na ya zambarau yanayochomoza kwenye majivu bila hata jani moja, alipiga dashibodi kwa kiganja, baba akasimama, naye akashuka kuchuma ya kumpelekea Bikira Maria kanisani. Sasa kiti chake kilikuwa changu, na kilikuwa kipana mno.

Baba hakuwa mkali. Maneno yalimwishia tu, kama mafuta yanavyoisha njiani. Maua aliyapita bila kugeuza shingo. Kilichomfungua kinywa ni mnyama peke yake: "Kanga, kuume," basi, halafu tunarudi kusikiliza injini mpaka kijiji kingine. Nilikuwa mpweke pembeni mwa mtu niliyempenda kuliko wote. Jumanne ya tatu hata kanga hawakutokea. Nikapiga dashibodi, nikasema uongo.

"Papa, kabuluku! Pale!" Kabuluku ni yule swala mdogo wa kwetu, mwoga kupita kiasi.

Baba akasimamisha gari. "Wapi?"

"Nyuma ya kichuguu."

Akashuka, akaingia majivuni, akakizunguka kichuguu akitafuta nyayo. Nyika yote ilikuwa imeungua. Hata panya asingepata pa kujificha. Alirudi viatu vikiwa vyeusi. "Imekimbia," akasema. "Ile nyama iko na mayele. Inasikiaka motere mbali." Alimaanisha kwamba ni mjanja, husikia injini toka mbali. Kisha akanieleza jinsi babu yake alivyozoea kuwatega, na hakunyamaza mpaka tulipouona mto wa Bukama. Njia ya mwongo ni fupi, husema wahenga, lakini yangu ilifika Bukama na kurudi. Kila Jumanne nilimwona kabuluku mmoja, na kila mara baba alishuka kumtafuta. Moyo ulinisuta. Nilipokwenda kuungama nilimtajia padri dhambi zote isipokuwa hiyo, kwa sababu nilijua angeniambia niache.

Jumanne ya mwisho kabla ya shule niliamua kuacha mwenyewe. Nilikaa kimya, mikono mapajani, vichuguu vikipita kimoja baada ya kingine. Nilidhani baba hajali. Mara akapiga dashibodi kwa kiganja, vilevile kama mama.

"Kabuluku!"

Nikatazama. Palikuwa na majivu matupu na maua ya manjano.

"Unaiona?" akauliza, bila kunitazama.

"Naiona, papa."

Tulishuka wote wawili. Tulikizunguka kichuguu, tukainama, tukatafuta nyayo kwa bidii kama watu wenye akili zao. Mwishowe baba alichuma maua, akanipa. "Ya Bikira Maria," akasema. Hapo nilijua kwamba alijua tangu siku ya kwanza, na kwamba upweke ule haukuwa wangu peke yangu.

Leo baba amelala kando ya mama. Kiangazi kilichopita niliipita barabara ile nikiendesha mwenyewe. Nilikutana na baiskeli nyingi zilizobeba makaa, miti imekatwa ikabaki mbali na barabara, na sikuona hata kanga mmoja. Maua yalikuwepo, manjano yaleyale. Nikapiga dashibodi, nikasema kwa sauti, "Kabuluku!" Nikasimamisha gari, nikashuka, nikakizunguka kichuguu mpaka viatu vikawa vyeusi. Kisha nikarudi, nikafungua mlango wa abiria, nikaketi kumngoja dereva.