Kitongoji Kilichoitwa Pori

Muuguzi aliniambia nimwoshe binti yangu uso asubuhi na jioni kwa maji safi. Alilirudia hilo neno "safi" kama anafundisha kasuku. Binti alikuwa na mwaka mmoja na nusu, macho yamevimba, kope zimegandamana kwa tongotongo, nzi wamehamia. Ni vikope, alisema, na vikiachwa vinapofusha. Nikamuuliza hayo maji safi nitayatoa wapi. Akaangalia foleni nyuma yangu, akaita, "Anayefuata!"

Maji yetu tulikuwa tunayachimba kwenye mchanga wa korongo. Unafukua kwa bakuli mpaka shimo linakufika kiunoni, unasubiri yajikusanye, unateka kata kwa kata, na ng'ombe wa watu wanakupumulia mgongoni. Soko huria lilishaingia. Maji ya chupa yalipangwa stendi ya Dodoma kama soda, simu za mkononi ziliuzwa mnadani pembeni ya mbuzi. Sisi tunafukua mchanga.

Ndiyo maana niliposikia kuna mradi wa maji kwa jamii maskini, na orodha imebandikwa ofisi ya kijiji, nilikwenda mbio. Niliisoma mara tatu. Kitongoji chetu hakikuwemo. Kilikuwemo cha barabarani, chenye maduka na mashine ya kusaga.

"Si mimi, mama," mtendaji wa kijiji akaniwahi kabla sijafungua mdomo. "Hiyo imetoka kwenye kompyuta."

Kesho yake nikambeba mtoto, nikaenda kuiona hiyo kompyuta wilayani. Mwenye nayo alikuwa kijana wa rika langu, shati limenyooka pasi, mgeni kabisa Dodoma. Nitasema haki: hakunifukuza. Alinigeuzia kioo nione.

"Hii ramani iko kwenye intaneti, dada. Hata aliyeko Ulaya anaiona. Picha imepigwa na satelaiti kutoka juu. Kila paa tunaliwekea nukta. Nukta zikiwa nyingi na bomba hakuna, mfumo unajua hapo pana watu wenye shida."

"Na sisi?"

Akasogeza picha, akaweka kidole juu ya eneo la kahawia tupu. "Kwenu hapa ni pori."

Mimi jiografia nimeisoma mpaka kidato cha nne. Nikalitafuta korongo, nikafuata mkunjo wake, nikayaona mabati ya shule yanang'aa, nikapima kutoka pale.

"Toa kidole," nikamwambia. "Umemkalia mama mkwe wangu."

Akacheka. Mimi sikucheka.

"Lakini hakuna paa hapa, dada."

"Lipo. La udongo."

Sisi tunakaa kwenye tembe. Paa lake ni bapa: magogo, juu yake fito, juu ya fito udongo ulioshindiliwa. Tunaanika uwele juu yake, na mvua ikinyesha majani yanaota. Ukiliangalia kutoka angani ni ardhi tu, rangi ileile ya uwanja.

"Tembe?" akasema. "Nilidhani zimebaki makumbusho."

"Nimeamka ndani yake leo."

Akakitazama tena kioo. Hapo ndipo hasira ilinipanda mpaka masikio yakaziba. Walikuwa wametengeneza chombo cha kutafuta maskini, kikaenda kuwatafuta wenye mabati! Asiye na bati ndiye fukara kuliko wote, na huyo ndiye asiyeonekana. Huyu kijana naye, kwa roho safi kabisa, akaniambia, "Mngekuwa hata na bati mojamoja, mngeonekana."

"Tungekuwa na bati ningekuja kukupigia kelele hapa na mtoto mwenye macho haya? Mwangalie!"

Alimwangalia. Kisha akasema hawezi kuweka nukta kwa maneno yangu. Nimletee orodha ya kaya na mahali zilipo, yenye muhuri wa mtendaji.

Nyumbani nilimweleza mama mkwe kwamba serikali inasema yeye ni pori. Alikuwa anatwanga. Akaweka mchi chini, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Kumbe ndiyo maana Mungu naye hatuoni," akasema. "Si na yeye anaangalia kutoka juu?"

"Mama, mimi sitanii."

"Na mimi sitanii, mwanangu. Nenda kaandike. Shule ulisomea nini?"

Siku mbili nilizunguka na daftari, mtoto mgongoni, nikihesabu hatua kutoka korongoni hadi kila mlango. Mwenyekiti wa kitongoji alinishauri nisubiri kikao. Nikamwambia nzi hawasubiri kikao.

Nilirudi wilayani na daftari lenye muhuri. Nilisoma, kijana akabofya. Ajabu ni kwamba ukishaambiwa pa kutazama, unaona: kivuli chembamba cha ukuta, mraba wa zizi, njia ya miguu inayoishia mlangoni. Tulikuwemo kwenye picha muda wote. Nukta nyekundu zikaota kwenye ile kahawia, moja baada ya nyingine, ya mama mkwe ikiwa ya kwanza.

"Haya, sasa mpo," akasema, kama ametuzaa yeye.

"Tulikuwepo. Maji yanakuja lini?"

Akavuta pumzi. Orodha ilishasainiwa. Sisi tungeingia awamu ijayo.

Awamu ijayo ilifika binti yangu akiwa ameanza darasa la kwanza. Muuguzi aliponigeuzia kope zake nione, kwa ndani palikuwa na makovu meupe kama nyuzi. Hayafutiki hayo, hata umwoshe kwa pipa zima. Siku bomba lilipofunguliwa walikuja na magari, na kijana wangu wa kompyuta alikuwemo, amenenepa kidogo, ana kamera. Alinitambua. Alifurahi kwa kweli.

"Dada! Sogea na mtoto hapo penye maji, tupate picha."

Nilimgeuza binti uso, nikaendelea kujaza ndoo.

"Panda juu," nikamwambia. "Si ndiko mnakopigia picha?"