Taa Inakosa Ardhi

Juzi mwalimu wetu wa shule ya msingi aliingia hapa kibandani kwangu Makuyuni akikokota baiskeli. "Shikamoo, mama fundi." Likizo hii anataka kwenda Dodoma kwa pedeli, apitie Handeni, na anataka taa. Nikaitikia marahaba vizuri tu. Kisha akaongeza maneno yaliyonichoma: "Funga waya mmoja, mama. Si chuma chenyewe kinarudisha umeme?"

Nikaweka bisibisi chini.

Wewe mwenzangu, kama ulikulia huku enzi za dinamo za kichupa, unaukumbuka ule mlio. Nguruuu! Dinamo imelalia tairi, mtu anakanyaga kwa jasho. Bibi alikuwa akiusikia tu akiwa anaepua mihogo, anasema, "Baba yenu huyo, ongezeni maji ya chai." Hakukosea hata siku moja.

Baba alikuwa anatoa kuku kijijini kwetu Handeni, anawapeleka Korogwe, anaondoka alfajiri kabla ya jua. Mwaka ule aliipaka baiskeli rangi ya kijani kila mahali, hadi pale dinamo inapokaa. Ikapendeza kama bibi harusi. Taa ikagoma.

Tukaipeleka kwa fundi wa sokoni. Nilikuwepo, nilimwona. Hakugusa hata skrubu moja. Alitema kapi la muwa, akasema, "Inakosa ardhi, mzee. Ipe ardhi." Basi, akageukia mteja mwingine.

Mafundi wanaita ardhi ile njia ya umeme kurudi kupitia chuma cha baiskeli. Baba angejuaje? Na mimi wa darasa la pili? Tulipofika nyumbani akafunga waya kwenye taa, akaushusha mpaka chini ukawa unaburuzwa vumbini. Jirani akacheka mpaka akashika kiuno: "Baiskeli yako imeota mkia!"

"Cheka tu," baba akamjibu. "Mkia ndio unawasha."

Na kweli ikawaka, maana alipokuwa akihangaika nayo dinamo ilisogea kidogo, ikakwaruza rangi, ikagusa chuma. Sisi tukaamini ni udongo.

Siku ya tatu alinipakia mbele, kuku nyuma kwenye tenga. Kwenye mteremko taa ikazima. Kitu cha mwisho nilichosikia ni baba akisema, "Mkia umekatika!" Dereva wa lori la mkonge alikuja upande wetu, akatugonga, wala hakusimama. Huyo simsamehe. Lakini wa kwanza ni yule fundi na muwa wake. Baba alinibeba mgongoni hadi zahanati. Mguu wangu wa kushoto haujanyooka mpaka leo.

Baadaye jirani, yule yule wa mkia, aliipindua baiskeli uani, akafungua dinamo, akakwangua rangi chini yake kwa kisu cha bibi cha mihogo. Padogo tu, kama ukucha. Akazungusha pedeli. Taa ikawaka mchana kweupe. Hakuna aliyecheka. Baba aliitazama, akaingia ndani, na hakuipanda tena.

Kwa hiyo nilimwambia mwalimu: dinamo ya ndani ya gurudumu, maana kichupa kinateleza kwenye mvua. Nyaya mbili, mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi, tena zichomelewe kwa risasi iliyoyeyushwa, zisisokotwe kwa vidole. Pale usukani unapogeukia, waya uachwe mlegevu. Taa ya nyuma, malori bado yapo. Na tochi mfukoni.

"Waya wa pili si uzito wa bure, mama?"

"Uzito? Njoo ubebe huu mguu."

Akanishikia gurudumu. Nikafunga.

Siku hizi kuku wanapanda bodaboda, na bibi, baba, na yule fundi wote wako chini ya ardhi. Mwalimu alipoondoka jua lilikuwa linazama. Nilisimama mlangoni nimetega sikio, kama bibi. Sikusikia kitu, dinamo hizi mpya ni bubu. Ila mwanga niliuona ukienda barabarani, umetulia, hadi kwenye kona. Hautazima. Nimeufunga mimi.