Jinsi Nilivyowauzisha Wanawake wa Katonga Hatifungani Yao

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika benki kabla mlango haujafunguliwa, nimevaa suruali ya kaka yangu niliyoikaza kwa kamba, nikamkuta Hamisi keshafika. Amesimama kivulini, shati jeupe limepigwa pasi, anapiga soga na askari wa mlangoni utadhani wamekua pamoja. Tangu asubuhi ile hadi leo nimestaafu, sijawahi kufika mahali kabla ya Hamisi. Ninyi vijana wa benki mmeniomba niwaandikie kazi ya dhamana ilifanywaje enzi zetu, nami nitaeleza, ila siwezi kuieleza nikamwacha yeye pembeni. Kijicho changu kwake nacho kilikuwa sehemu ya kazi.

Meneja wa Tawi, mtu mfupi asiyependa maneno mengi, alituita sote wawili ofisini kwake. "Mtu wa Kigoma atoe pesa yake chini ya godoro aniletee mimi, kwa nini?" akauliza. Mimi, mtoto wa mkulima wa Kidahwe, Kiswahili changu cha darasani na Kiha kikichungulia kila neno, nikajibu kwamba benki ina mlango wa chuma. Hamisi, ambaye mama yake aliuza mawese sokoni Ujiji, akasema, "Mzee, haleti kwa sababu ya benki. Analeta kwa sababu ya anayempokea." Meneja akacheka, akampiga begani. "Huyu atafika mbali," akasema. Mimi hakuniambia nitafika wapi. Nikatoka mle ofisini nimeshamwonea kijicho, na sikuwa nimemaliza hata saa moja kazini.

Tulianzia dirishani, kupokea na kulipa. Baada ya miaka kadhaa tukahamishiwa dawati la dhamana. Kwa asiyejua, hatifungani, dhamana tuliyoiuza zaidi, ni serikali kukukopa wewe kwa muda mrefu, miaka kumi au ishirini, inakulipa riba mara mbili kwa mwaka, na siku inapoiva inakurudishia ulichotoa. Riba ile ya kila nusu mwaka ndiyo kuponi. Mnada unafanyika Dar es Salaam. Kazi yetu huku ilikuwa kukusanya zabuni za wateja, kujaza fomu, kuhakikisha sahihi zimekaa mahali pake na kuzituma kwa faksi kabla muda haujapita. Faksi yenyewe ilikuwa na kiburi. Laini ya simu ikikatika, unaomba Mungu.

Lakini kilichotusumbua zaidi hakikuwa fomu, ilikuwa hofu za watu. Vita ikilia ng'ambo ya ziwa, au mafuta yakipanda bei kwa ugomvi wa mataifa ya mbali, wenye pesa hudai riba kubwa zaidi ndipo wakubali kukopesha. Sasa minada mipya ikianza kulipa riba kubwa, hatifungani yako ya zamani yenye riba ndogo nani ataichukua kwa bei yake? Ukiiuza kabla haijaiva, unaiuza kwa hasara. Usipoiuza, hupotezi kitu. Kuponi yako inaingia ileile uliyoahidiwa. Somo hili nimewarudia wateja mpaka sauti ikakauka. Lishikeni vizuri, maana ndilo nililokuja kulisaliti.

Tena watu wa ziwa tuna ugonjwa wetu. Wenzetu wa Dar walisoma magazeti ya uchumi. Sisi tulisoma ufukwe. Boti za wanunuzi wa dagaa kutoka Kalemie, upande wa Kongo, zikijaa ufukweni kwetu Katonga, kila mtu anataka kuwekeza. Boti zikipungua, watu wanakuja dirishani kutoa kila kitu, hata walichoweka kwa miaka. Mtu akiona mchanga mtupu, kwake dunia nzima imefilisika. Meneja wa Tawi alikuwa akitukaripia, "Msimwachie mteja auze kwa kuogopa ufukwe! Mkalisheni, mpeni maji, mwambieni arudi wiki ijayo." Nami niliifuata amri hiyo miaka yote, isipokuwa siku moja.

Mwaka mmoja makao makuu wakatafuta mtu wa kwenda kujifunza Idara ya Hazina, yaani idara inayoamua pesa ya benki iwekwe wapi. Mkuu wa Idara akaja mwenyewe kutuhoji. Mimi fomu zangu hazikuwahi kurudishwa hata moja. Hamisi zake zilirudi mara mbili tatu, kwa haraka zake. Nikajua safari hii ni yangu, mke wangu akaanza hata kuwaaga majirani. Mkuu wa Idara akauliza swali moja tu: "Vita ikizuka jirani, mtafanya nini na dhamana tulizo nazo?" Nikajibu kama kitabu kinavyosema. Hamisi akasema, "Kwanza nitauliza nani anaogopa, na anaogopa nini hasa." Akachukuliwa yeye. Mimi nikapewa tawi la Kasulu, mbali na ziwa.

Loo! Kasulu nilikaa miaka sita. Hamisi alikuwa akiniandikia barua, anamsalimia mama watoto, na ndani ya bahasha anatia maelezo ya masomo aliyopewa huko, ameyanakili kwa mkono ili na mimi nijifunze. Niliyasoma yote. Ninayojua kuhusu soko la upili, pale watu wanapouziana dhamana ambazo hazijaiva, nimeyajua kwa mwandiko wake. Sikumjibu barua hata moja. Wivu ni kazi ngumu kuliko benki, nawaambia, haina likizo.

Niliporudishwa Kigoma nilimkuta yeye ndiye Mkuu wa Uwekezaji wa Kanda, na mimi ofisa dhamana chini yake. Alinipokea kwa kunikumbatia mbele ya watu wote. Roho iliniuma mpaka nikakosa hamu ya chakula.

Basi hapo ndipo alipokuja Mama Nyandwi. Mama huyu alitoka Burundi na watoto wawili na sufuria, akakaa kambini, hatimaye akapata uraia na kujenga Bangwe. Alikuwa mwenyekiti wa wanawake wanaoanika dagaa Katonga. Nilimpa shikamoo, kisha nikaongea naye Kiha, na yeye akanijibu Kirundi, tukaelewana bila shida maana lugha hizi ni ndugu. Akavuta kiti karibu. Kumbe alishapita benki mbili na hakuna aliyemsikiliza.

"Mwanangu," aliniambia, "kwetu nilikuwa na mume mfanyabiashara. Pesa yetu asubuhi ilikuwa pesa, jioni ikawa karatasi. Sitaki tena kuona hivyo."

Walichotaka ni kiwanja. Walikuwa wanaanika juu ya ardhi ya watu, wanalipia kila kichanja, na mwenye ardhi akiamka vibaya anawafukuza na dagaa wao wabichi. Kulikuwa na kiwanja kizuri jirani na mwalo, pale boti zinaposhushia dagaa, mwenyewe amekubali kulipwa kidogo kidogo. Nikawapangia kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Akiba yao yote wakanunua hatifungani ya miaka kumi, na kila kuponi ikiingia inakwenda kwa mwenye kiwanja. Mtaji haujaguswa, ardhi inakuwa yao taratibu. Kuponi tatu ziliingia, tatu zikalipwa. Mama Nyandwi akaanza kuniita mwanangu hata njiani. Huyo alikuwa mteja wangu, si wa Hamisi, na nilijivuna naye kama mtu aliyenunua baiskeli mpya.

Ndipo vita ya ng'ambo ikachacha. Redio zilitaja miji tunayoijua, watu wakavuka na mabegi. Wakati huohuo mafuta yalikuwa yamepanda, na minada ya Dar ikaanza kulipa riba kubwa. Boti za Kalemie zikakosekana siku tatu, kisha wiki nzima. Katonga vichanja vikabaki vitupu, hakuna dagaa wala mnunuzi. Uvumi ukazagaa kwamba ziwa litafungwa.

Mama Nyandwi akaja na wanawake wenzake wawili wenye sahihi za kikundi, kanga zimefungwa viunoni, midomo imekauka. "Tuuzie ile karatasi," akasema. "Tunataka pesa mkononi."

Nikawakalisha, nikawapa maji. Nilikuwa tayari kuwaambia warudi wiki ijayo, Mungu ni shahidi yangu. Ila Hamisi akapita, akamwona mama analengwalengwa na machozi, akavuta kiti bila kuombwa.

"Shikamoo Mama. Samahani kuingilia," akasema. "Mwezi una siku ngapi leo?"

Mama akahesabu kwa vidole. Ilikuwa mbalamwezi, mwezi mpevu kabisa. Nanyi mnajua, na kama hamjui niwaambie: dagaa huvuliwa kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa hazina kazi, wavuvi hupumzika. Hata kungekuwa na amani dunia nzima, vichanja vya Katonga wiki ile vingekuwa vitupu.

"Basi, Mama," Hamisi akasema taratibu, "mnaogopa vitu viwili mkidhani ni kimoja. Ngojeni giza liingie. Wavuvi wakirudi na wanunuzi wasije, hapo tutajua ni vita. Sasa hivi hatujui. Na mkikwama na chakula, karatasi ile inaweza kuwekwa rehani mkapata mkopo mdogo. Msiiuze."

Mama Nyandwi akamtazama Hamisi kwa namna ambayo hajawahi kunitazama mimi. Kisha akanigeukia. "Mwanangu, huyu anasema kweli?"

Anasema kweli. Alisema kweli tupu, na mimi nilijua ni mbalamwezi tangu walipoingia. Mtu gani wa Kigoma asiyejua? Lakini nilimwona pale kwenye kiti alichojivutia mwenyewe, kwa mteja wangu, na ile sauti yake ya Ujiji inayoteleza, nikaona Kasulu, nikaona barua, nikaona begani alipopigwa na Meneja. Nikamjibu mama kwa Kiha, ili Hamisi asielewe. Nikamwambia, "Huyu hajawahi kukimbia vita. Wewe umekimbia. Nani anajua zaidi?"

Basi, nikamaliza kazi. Mama akasema, "Uza."

Hamisi akarudisha kiti mahali pake. Hakujua Kiha, lakini hakuwa mjinga. Nikajaza fomu ya mauzo, wanawake wakatia sahihi, mmoja dole gumba, nikaituma kwa dalali wa soko Dar. Hatifungani ikauzwa kwa bei ya wenye hofu, pungufu sana ya walichotoa. Siku nane baadaye giza likaingia. Wavuvi wakarudi na dagaa tele, na asubuhi ya tatu boti za Kalemie zikaonekana, nyingi kuliko zamani, maana vita ilikuwa imekata barabara za huko na watu wakawa na njaa ya dagaa wa Kigoma. Minada nayo ikatulia mwaka uliofuata, na karatasi ileile ikapanda bei kwa mtu mwingine. Pesa ya wanawake, isiyoleta kuponi tena, ilikuwa imekwisha kugawanywa ikaliwa. Mwenye kiwanja alisubiri msimu mmoja, akawarudishia malipo yao matatu, akamuuzia kiwanja tajiri mmoja mwenye ghala.

Mkaguzi wa Kanda alipouliza nani aliwashauri wateja wauze, Hamisi alijibu kabla yangu: "Waliamua wenyewe, hofu ilikuwa kubwa." Niliinamisha kichwa juu ya faili. Nilimchukia kwa jibu lile kuliko nilivyomchukia kwa lolote.

Sasa tumestaafu wote. Yeye anaishi kwao Ujiji, watu wanamfuata kuuliza waweke wapi pesa zao, mimi nimekaa Kidahwe na migomba yangu na hakuna anayeniuliza kitu. Mwezi uliopita tulialikwa Katonga, Mama Nyandwi anamuoza mjukuu. Amezeeka, mgongo umepinda, na bado anaanika dagaa juu ya ardhi ya kukodi. Alitukalisha sote wawili, akatuletea migebuka na ugali kwa mikono yake, akamuuliza Hamisi mbele yangu:

"Baba, ile karatasi yetu. Miaka yote nalala nayo. Wenzangu walinilaumu mpaka wawili wamekufa hatusemeshani. Nilikosea mimi?"

Hamisi akanawa mikono polepole. "Hukukosea, Mama. Siku zile hata mimi ningeuza."

Mama akashusha pumzi, macho yakamlowa, akanishika mkono na mimi na kunishukuru. Nikakubali zile shukrani. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa na wivu, vijana wangu, wivu wa kijinga wa mzee wa miaka yangu, kwamba hata uongo wa huruma ameuwahi yeye na mimi nikabaki nimekaa nakula samaki. Nikajiuliza kimebaki nini ambacho Hamisi hawezi kunitangulia kukifanya. Kimebaki kimoja tu, maana hiki hawezi kukisema mtu mwingine yeyote.

Mama Nyandwi, nakala ya maandishi haya nimekutumia, na najua mjukuu wako ndiye anayekusomea. Mwambie asiruke hapa. Hamisi asingeuza. Nami nilijua ni mbalamwezi. Waambie wenzako waliobaki kwamba wewe uliniuliza swali la kweli, nami nikakujibu kwa lugha ya mama yangu ili nikudanganye vizuri.